Kupanda Mto Tshopo kwa Kafi

Mtu wa Lamu au Unguja akisikia kwamba wenye vyombo wamesafiri kundi moja kwenda kukutana, fikira zake hukimbilia matanga. Kwenye mto Tshopo, kaskazini mashariki ya Kisangani, tanga halina kazi. Msitu umesimama kingo zote mbili, na upepo hupita juu ya vilele vya miti bila kushuka majini. Mtumbwi hupanda mto kwa kafi na pondo, na zaidi ya hivyo kwa macho ya yule asimamaye kwenye tezi.

Safari hii ilikuwa ya mitumbwi minne. Ilianzia juu ya maporomoko ya Tshopo, mbali na bwawa la umeme lililojengwa miaka ya 1950, kuelekea Masako, ambako wenye mitumbwi wa upande huo walikuwa na kikao cha kuzungumzia nauli, magati na likelemba, yaani upatu wao. Kwa barabara ya zamani ya Buta, Masako ni kilomita 15 hivi kutoka mjini. Mto haukubali njia hiyo fupi. Huizunguka hifadhi ya msitu ya Masako, hekta 2,105 zilizotengwa mwaka 1953, na kuikumbatia ndani ya kizingo kikubwa. Baiskeli zilizopakia makaa na ndizi humaliza safari mapema. Lakini chumvi ya magunia, saruji na mabati ya kuezekea hupelekwa kwa maji, na wenye mitumbwi hawaendi kikaoni mikono mitupu.

Kazi ilianza mitumbwi ikiwa bado nchi kavu. Mzee mwenye mtumbwi mrefu kuliko yote aliugonga kwa vifundo vya vidole kuanzia omo hadi tezi, kichwa amekiinamisha. Mti mzima hutoa sauti kavu inayorudi upesi. Palipoingia uozo au ufa, sauti huwa nzito na kufia ndani. Mtumbwi wenyewe ulichongwa kutoka gogo moja la mvule, mti ambao wafanyabiashara wa mbao wa Kongo huuita kambala. Shoka lilitoa umbo la nje, tezo ikala ndani kidogo kidogo, kisha moto wa majani makavu ukapitishwa mwili mzima ili kuukausha na kuukaza. Alama za tezo bado zinaonekana ndani, zimepangana kwa upana mmoja. Aliyechonga hakubadilisha pigo lake tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwenye ubavu wa kushoto sauti ilibadilika. Mzee hakusema kitu. Alichukua kisu akaukwangua ufa hadi mti safi ukaonekana, akaujaza vitambaa vilivyochovywa katika lami ya moto, akavishindilia kwa patasi butu. Juu yake akaweka kipande cha bati. Alianza kupigilia misumari katikati, akaenda akitoka nje, ili bati lisiachiwe mkunjo wa kupitisha maji. Misumari yenyewe hakuiweka katika mstari mmoja. Ikikaa mstari mmoja na nyuzi za mti, alieleza, inazaa ufa mwingine. Kijana aliyemshikia bakuli la lami alitaka kumaliza upande wake. Mzee akamwachia, akautazama mkono wake tu.

Upakiaji ulifuata. Kwanza fito zilipangwa sakafuni, ili mzigo usikae ndani ya maji ambayo lazima yataingia. Vizito vikashuka chini kabisa na katikati, vyepesi vikaelekea kwenye ncha. Kwa kupanda mto, omo huachwa nyepesi kidogo: ikizama, mkondo huikamata na kuupindua mtumbwi upande kabla msukani hajajua. Baada ya kila gunia mzee alishuka majini hadi magotini na kuweka kiganja chake ubavuni, kati ya uso wa maji na ukingo wa mtumbwi. Kiganja kilipojaa nafasi hiyo, gunia lililobaki lilirudishwa ufukoni, na mwenyewe akaambiwa atafute mtumbwi mwingine.

Wapiga kafi wa mito ya Kongo husimama. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, magoti yamelegea. Kafi yao ni ndefu kuliko ya mvuvi anayeketi, na bapa lake limechongeka kwa ncha. Linaingia wima mbele ya mguu, linavutwa hadi nyonga, kisha kiwiko kinageuza mpini kidogo ili litoke kwa makali yake, bila kuinua maji. Mpini hugusa ukingo mara moja katika kila pigo. Mguso huo ndio unaowapatanisha. Hakuna anayevuta kwa nguvu zake zote. Anayefanya hivyo huchoka kabla ya kizingo cha kwanza, tena huwatoa wenzake kwenye mwendo.

Ustadi hasa uko katika kuchagua maji. Katikati ya mto mkondo ni wenye nguvu. Kwenye upande wa nje wa kizingo ni wenye nguvu zaidi, umekula ukingo hadi mizizi inaning'inia. Msukani hushika upande wa ndani, ambako maji ni mafupi na ya pole. Nyuma ya kila rasi kuna maji yanayorudi kinyume, na mzee aliyatumia yote. Alileta omo karibu na matawi, akaacha maji yale yaubebe mtumbwi bure hatua kadhaa, huku vijana wakipumua.

Kizingo kikigeuka, upande wa pole unahamia ng'ambo, na hapo lazima kuvuka. Mtu mgeni angeelekeza omo ng'ambo moja kwa moja na kupeperushwa chini kama jani. Mzee aliiacha ielekee juu ya mto, akaipinda kidogo tu, akaamuru mapigo mafupi. Mkondo uliokuja kuwasukuma nyuma ulisukuma ubavu, na mtumbwi ukateleza kwenda ng'ambo bila kupoteza mahali ulipokuwa umefika. Mitumbwi mingine mitatu ilingoja na kutazama, kisha ikapita palepale.

Palipokuwa na mti ulioanguka, kafi zililala na pondo zikasimama. Pondo hushushwa hadi iguse mchanga au jiwe, halafu mtu huitembeza mikono yake juu yake, akiusukuma mtumbwi kwa miguu. Pondo ikizama matopeni, huachiliwa upesi; anayeing'ang'ania hubaki juu yake mtumbwi umekwenda. Pia kuna maji yasiyokubali pondo wala kafi. Mwezi Januari 1877 Wangwana wa Unguja, waliosafiri na mvumbuzi Stanley, walikutana nayo kwenye maporomoko saba yaliyo kati ya Ubundu na Kisangani, wakakata njia msituni na kuburuta mitumbwi yao nchi kavu. Nao walikuwa wakiteremka. Mzee alipofika penye tawi lililoziba ukingo, alifuata kanuni hiyohiyo kwa udogo wake: watu walishuka, wakaushika mtumbwi kwa kamba ya omo na mikono ya ubavuni, wakaupitisha polepole chini ya tawi.

Huko Masako wenyeji walikuwa wameshuka gatini. Hakuna aliyeuliza wamechukua saa ngapi. Mmoja mmoja waliinama juu ya mitumbwi, wakatazama kina cha maji chini ya fito, wakapapasa vitako vya magunia. Katika mtumbwi mrefu maji yalikuwa hayajafika juu ya fito, na chumvi ilikuwa kavu. Mwenye mtumbwi wa tatu, ambaye saruji yake ilikuwa imelowa pembe moja, aliulaumu ufa wa mtumbwi wake. Mzee aliingiza mkono, akauhisi ufa ule, akasema haukuvuja. Maji yale, alisema, yameingizwa na kafi za watu waliotaka kufika mapema. Mwenye saruji akatazama mipini ya vijana wake, akacheka, na wote wakapanda ukingo kwenda kikaoni.