Aliye Kando: Kauli za Vitenzi na Suala la Uwajibikaji katika Uandishi wa Mazingira

Wahenga walisema kwamba aliye kando haangukiwi na mti. Methali hii hutumiwa kumwonya mtu asijiingize katika mambo yasiyomhusu. Lakini mambo ya wakati wetu yaelekea kuikanusha. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, mvua ilikosa kunyesha ya kutosha katika misimu mitano mfululizo kwenye Pembe ya Afrika. Hapa Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Mfugaji wa Marsabit alikuwa kando kabisa ya viwanda na magari yanayoitia dunia joto, na hata hivyo mti ulimwangukia. Makala haya yanakusudia kuuliza swali ambalo uhakiki wetu haujalipa uzito unaostahili: katika sentensi za waandishi wetu wa Kiswahili, ni nani aliyeukata mti huo?

Kiswahili hakina upungufu wa njia za kulijibu. Mtu aweza kusema, "Tumeuharibu msitu", aweza kusema, "Msitu umeharibiwa", aweza pia kusema, "Msitu umeharibika." Kauli ya kutenda humtaja mtenda. Kauli ya kutendwa yaweza kumficha, lakini hukiri kwamba yupo, na msomaji ana haki ya kuuliza, "Na nani?" Kauli ya kutendeka humfuta kabisa, kana kwamba msitu umeoza wenyewe kama embe lililosahauliwa kapuni. Katika insha za wanafunzi ambazo mimi husahihisha, na katika mashairi mengi ya mawaidha, kauli hii ya tatu ndiyo inayotawala: misitu imepunguka, udongo umemomonyoka, hali ya hewa imechafuka. Hata istilahi yetu rasmi, "mabadiliko ya tabianchi", haina budi kutazamwa kwa makini. Husikika kana kwamba ni nchi yenyewe iliyogeuka tabia, mfano wa kijana aliyeharibikiwa mjini. Istilahi hiyo imekwisha kukubalika na hatudai ifutwe. Twadai tu kwamba mwandishi anayeitumia asiridhike nayo.

Wala hatusemi kwamba kauli ya kutendeka ipigwe marufuku. Mfugaji anayesimama mbele ya mizoga ya ng'ombe wake na kusema kwamba mali imemwishia anasema kweli yake yote. Kosa huanza pale msomi, mwenye nafasi ya kuchunguza sababu, anapoiazima sauti ya mfiwa.

Huenda mtu akajibu kwamba dawa ni rahisi: tuseme "sisi binadamu tumeiharibu dunia". Usemi huu una heshima yake, kwani unakiri kwamba mwanadamu si mgeni katika maumbile. Pumzi yake, chakula chake na maji yake vyote vyatoka humo. Lakini "sisi" hii nayo ina udanganyifu. Kenya hutoa sehemu isiyofika asilimia 1 ya gesi zinazoongeza joto duniani. Sentensi inayomweka mfugaji wa Marsabit na mwenye hisa katika kampuni kubwa za mafuta chini ya kiambishi kimoja cha nafsi huwagawia lawama sawasawa watu ambao hawakugawana faida. Kwa njia hiyo mkosaji huponyoka mara ya pili: kwanza kwa kutotajwa, kisha kwa kutajwa pamoja na kila mtu.

Hapa yafaa tuikumbuke riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi (1995). Riwaya hii haihusu hali ya hewa. Inamhusu Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo, ambaye anafika katika jamii iliyojengwa juu ya usawa. Lakini jina lake, lililoundwa kutokana na maneno "wale ni sisi", lina fundisho kubwa kwa mada yetu. Mwenye kusema "wale ni sisi" amekwisha kuwaona wale. Ametambua tofauti ya hali zao na yake, kisha ameikubali jamaa. "Sisi" ya mashairi ya mawaidha haijaifanya safari hiyo. Udhaifu wa riwaya, kwa maoni yetu, ni kwamba msanii ameiweka jamii hiyo mbali mno na dunia hii, hata njia ya kuifikia ikawa ngumu kuonekana.

Hata hivyo, mifano ya karibu ipo. Katika misitu ya kaya za Mijikenda, ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, mila imeweka miiko juu ya ukataji wa miti. Anayeuvunja mwiko hutafutwa na wazee na kutozwa. Lakini madhara ya tendo lake huaminiwa kuwa yaweza kuwapata watu wote. Mtenda ana jina, na jamii ina mzigo. Wangari Maathai na wenzake nao, walipoutetea msitu wa Karura katika miaka ya 1998 na 1999, hawakuomboleza tu kwamba msitu unapotea. Walisema wazi kwamba unagawiwa watu binafsi, wakaenda kupanda miti papo hapo.

Kwa muda mrefu mimi mwenyewe nilisahihisha insha za mazingira kwa kupigia mstari makosa ya upatanisho wa kisarufi peke yake. Sasa, kila ninapoona "imeharibika", naandika pembeni: na nani? Wanafunzi wengine hulalamika kwamba hilo ni swali la siasa. Sivyo, ni swali la sarufi ambalo lina matokeo nje ya darasa. Ningependa kuwaomba walimu wenzangu waliulize pia wanapohakiki vitabu vinavyoteuliwa kusomwa shuleni, kwa sababu kijana aliyezoea sentensi zisizo na mtenda hatajua ni nani wa kumdai, wala ni kipi alichokitenda yeye mwenyewe.