Taji Limevikwa Mdomo Usiostahili

Lile jaribio la spana za bei kali mlilorushiana kwenye simu limetoa mshindi wa uongo. Mmeliona, kwa hiyo sitalisimulia lote: kombinesheni tatu za namba 13, yaani Stahlwille, Snap-on ya Flank Drive Plus na Wera Joker, kisha Knipex 86 03 ambayo haina namba kwa sababu mdomo wake hujirekebisha. Taji likaenda kwa Snap-on. Kwangu mimi Stahlwille ilikuwa mbele tangu ikiwa mezani, Knipex ya pili, Snap-on ya tatu. Nasema hivyo nikijua fika kwamba ringi ya Snap-on ni kati ya ringi bora zilizowahi kufuliwa. Tatizo ni kwamba ringi hiyo hatukuiona ikifanya kazi.

Kosa lilifanyika mapema. Kichwa cha bolti kimebanwa kwenye jiliwa, nati ya M8 mpya kabisa, chuma kigumu, imekaa tayari. Mpimaji anavalisha ringi, anaisogeza nati kidogo, anasita. Halafu anaigeuza spana. Kuanzia hapo ni mdomo tu mpaka mwisho: anavalisha mdomo, anachomeka bomba la kuongeza urefu, anavuta, anasoma torki, mdomo ukiteleza anaandika. Aliyechelewa kuteleza ndiye bingwa. Na kila raundi ikiisha, nati inatupwa ndooni bila hata kuoneshwa kwenye kamera.

Rudini mwangalie sekunde zile za kusita. Mkono wake ulikuwa unajua cha kufanya, ila alitaka namba za kuvutia, na ringi zisingempa tofauti ya kupigia kelele. Ringi tatu nzuri zingefika mahali bolti inakatika kabla hata moja haijateleza, na jaribio lingekwisha bila mshindi. Basi akahamia upande dhaifu wa spana ili apate mshindi. Huko ni kumpima mpishi kwa namna anavyoosha vyombo.

Kila aliyepita gereji yenye mwalimu anajua mpangilio: ringi ifungue, mdomo umalizie. Ringi inaizunguka nati yote. Mdomo unashika bapa mbili na kuomba dua. Kombinesheni ina vichwa viwili kwa sababu hiyo. Anayefungua nati iliyokaza kwa mdomo, huku ringi inaingia, huyo ni fundi maiko hata kama spana yake imetoka Wisconsin.

Tuhesabu kidogo. Kwa viwango vya ISO, nati ya M8 inaruhusiwa kuwa na upana wa milimita 12.73 hadi 13.00, bapa kwa bapa. Mdomo wa spana 13 unaruhusiwa kuanzia 13.04 hadi 13.24. Ikutanishe nati nyembamba kuliko zote na mdomo mpana kuliko yote: nafasi inazidi nusu milimita, na spana itazunguka zaidi ya digrii 4 kabla haijagusa chochote. Inapogusa, inagusa karibu na kona. Ongeza bomba, mdomo unapanuka kidogo, kona inakwenda na maji. Yote hayo yanatokea bila mtu yeyote kuvunja kiwango. Sasa kumbuka kwamba bolti ya M8 ya daraja 8.8 hukazwa kwa takriban Nm 25 tu, kazi ya mkono mmoja. Nimeandika humu mara nyingi na sitachoka: anayehitaji bomba kwenye spana 13 ana shida ya kutu, na kutu dawa yake ni mafuta ya kupenya, moto na subira. Bomba halimo kwenye orodha.

Turudi kwenye ile ndoo, maana nati zilizotupwa humo ndizo zenye alama za mdomo wa Snap-on. Flank Drive Plus ina mifereji iliyokatwa ndani ya mdomo, ambayo mafundi tunaiita meno. Wazo lake lina akili: badala ya nguvu yote kwenda kwenye kona, ukingo wa mfereji unauma bapa mbali na kona. Kwenye nati mpya ya chuma kigumu unauma kidogo tu, unaacha mistari, na bila shaka mdomo huo utachelewa kuteleza kuliko mdomo laini. Hilo sibishani nalo. Ninachouliza ni mdomo wenyewe tunauhitaji wapi. Tunauhitaji mahali ambapo ringi haipiti: nati za paipu za nozeli, nati za kufungia tairodi, na zaidi ya zote nati za paipu za breki.

Chukueni nati ya paipu ya breki kwenye Hiace iliyokaa Tanga au Mombasa ikila upepo wa chumvi. Ni namba 10, ina tundu katikati la kupitisha paipu, kwa hiyo kuta zake ni nyembamba. Kutu imeikamatanisha nati na paipu. Ukivalisha mdomo na kuvuta, bapa mbili zinaminywa, nati inabonyea na kulibana paipu zaidi, kisha vyote viwili vinazunguka pamoja na paipu linajisokota kama kamba. Ukiwa na meno mdomoni, unapata hasara ya pili: meno yanachonga bapa, na jaribio la pili halina pa kushika. Kazi iliyoanza kwa kubadilisha mpira wa breki inageuka kuwa kazi ya kutengeneza paipu jipya. Fundi anayejua ana spana ya paipu ya breki, ile ringi iliyokatwa upande mmoja ipite kwenye paipu, inayoshika bapa tano. Kama mpimaji alitaka kweli kupima midomo, hapo ndipo pa kwenda. Angepata namba ndogo, na zingesema ukweli. Na nati angetuonesha, kwa sababu kwenye breki nati ndiyo matokeo yenyewe.

Wenye fedha kuliko sisi sote walishaonyeshwa hadharani kinachoipata nati isiyoshikwa vizuri. Mbio za Formula 1, Monaco, 2021: Valtteri Bottas, dereva wa Mercedes, akiwa wa pili anaingia kubadilisha matairi, bunduki ya nati inakaa kwa pembe kwenye gurudumu la mbele kulia, inaanza kuzunguka kabla haijashika sawasawa, inasaga vishikio vyote vya nati. Mbio zikaishia hapo. Mercedes walilirudisha gari kiwandani Brackley tairi likiwa bado mahali pake, na zaidi ya saa 40 zilipita tangu tukio hadi likatoka. Nguvu ilikuwepo tele. Mkao ndio haukuwepo.

Nikirudi kwenye jaribio la spana, mengine yalikuwa safi: nati zilifutwa mafuta, kila spana ilipata raundi sawa, kipimo cha torki kilikuwa cha maana.

Kwa nini basi Stahlwille? Tazameni kichwa cha ringi yake. Ukuta ni mwembamba, unapenya kati ya nati na ukuta wa injini pale ambapo ringi nene hugonga mwamba, na hauna uzito wa bure. Mpini umefinyangwa kwa umbo la boriti, ukingo umeviringwa, kiganja hakilalamiki jioni. Upo mfululizo wa 13 ambao ni mfupi na wa 14 ambao ni mrefu, na anayejua kazi yake ana sababu ya kuwa na yote miwili. Knipex ni jirani yake, zote zinatoka Cronenberg, mtaa wa Wuppertal uliofua chuma kwa vizazi: Stahlwille ilianza 1862, Knipex 1882. Hiyo 86 03 ina midomo laini inayokwenda sambamba, na unapovuta inaibana nati, kwa hiyo nafasi ile ya nusu milimita inatoweka. Nati ya shaba ya bomba la maji utaifungua bila kuiachia alama. Mpimaji aliichomekea bomba nayo! Wera Joker ni ya kufurahisha, ina kizuizi kinachoikamata nati isidondoke, inafaa kwa anayefunga nati juu ya kichwa chake siku nzima. Kichwa chake kinene kimeninyima usingizi mara kadhaa, lakini hayo tuyaache.

Na kabla hamjaniandikia: ndiyo, nazipendelea za zamani. Gedore zile za Remscheid zilizokuwa kwenye masanduku ya mbao ya mafundi wazee zimeondokewa na rangi yake, zimebaki na vipimo vyake. Facom 440 ya kabla Stanley hajainunua kampuni mwaka 2006 ndiyo ninayoilinganisha na kila kombinesheni mpya, na nyingi zinashindwa kwenye mkao wa mkononi. Hizo hazikung'aa kama vioo. Siku hizi mtu ananunua mng'aro, anasoma maneno "Chrome Vanadium" yaliyogongwa ubavuni, anaamini amemaliza. Maneno hayo anaweza kuyagonga yeyote mwenye nyundo na herufi, na pale Gerezani, Dar es Salaam, zimejaa spana zenye maneno hayo ambazo midomo yake inafunguka kama ya samaki.

Kuhusu spana malaya msimamo wangu haujabadilika. Johan Petter Johansson wa Enköping aliiboresha vizuri mwaka 1892, na bado inatengenezwa kwa heshima chini ya jina la Bahco. Lakini ni ya dharura, ya bomba, ya kushikilia upande wa pili. Gereji inayoitumia kila saa ni gereji isiyo na spana. Kama unataka mdomo mmoja wa kufaa nati nyingi, Knipex imeshalimaliza swali hilo, na hapo ningekubali hata ipewe nafasi ya kwanza.

Kwa wenye hela ya kuanza, msikimbilie seti ya vipande 26 kwenye boksi la plastiki, nusu yake haitatoka boksini. Nunueni namba moja moja, ringi kwanza: 10, 12, 14, 17 na 19 kwa magari ya Kijapani, ongezeni 13 mkipokea ya Kijerumani. Kisha ile ya paipu ya breki ya namba 10, kabla ya kitu kingine chochote chenye jina kubwa. Mdomo wenye meno unaweza kusubiri mwaka mwingine.