Gia Huchaguliwa Juu

Kabla ya kona ya kwanza ya Mlima Kitonga, ukitokea Ilula kuteremkia Ruaha Mbuyuni, lori lililobeba shaba ya Kolwezi hupunguza mwendo mahali ambapo abiria wa basi haoni sababu yoyote. Barabara bado imenyooka na mbele hakuna kitu. Basi hulipita kwa honi ndefu ya dharau. Lakini ndani ya kichwa cha lori lile linafanyika jambo zito kuliko yote ya safari: dereva anachagua gia. Wazee wa barabara ya TANZAM, ile ya Tanzania na Zambia, wana kanuni yao, kwamba mlima huteremkwa kwa gia ile ile ambayo ungeupandia, au ya chini yake, na gia hiyo huchaguliwa juu, gari likiwa bado linatii. Anayeanza kuteremka na gia nyepesi akitumaini kuipunguza njiani ataikuta giaboksi inakataa, maana magurudumu yamekwisha kuishinda injini mbio. Hapo gari liko nyutro na kilichobaki ni breki tupu. Breki tupu hazikiwezi Kitonga. Ukizikanyaga mfululizo hupata moto, hupoteza mshiko, na moshi huanza kutoka magurudumuni kabla mteremko haujafika nusu.

Ndiyo maana naupenda ufundi huu. Ni ufundi wa kuamua mapema. Mwenye gari dogo huamua anapoona. Mwenye semi tela akingoja aone, amechelewa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaliruhusu gari la ekseli 7 kufikia tani 56. Gari la kwenda nalo kazini lina tani moja na nusu hivi. Na uzito ni nusu ya habari, kwa sababu ukiongeza mwendo mara mbili, kazi ya kulisimamisha gari huongezeka mara nne. Dereva wa masafa huishi ndani ya kitu kisichoweza kusimama haraka, na kila anachokijua amekijua kwa ajili ya ukweli huo mmoja.

Anajifunzia wapi? Leseni ya daraja E inatafutwa kwa mitihani, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kina kozi za magari makubwa ambazo sina neno baya juu yake. Ila ukiwauliza madereva wa njia ya Tunduma, mpakani na Zambia, walivyoanza, wengi watakutajia kiti cha kushoto. Walianza wakiwa utingo, yaani taniboi kwa Wakenya: kijana wa kufunga turubai, kubadilisha tairi, kupika, kulinda mzigo usiku, na kukaa pembeni ya mtu anayeendesha bila kuruhusiwa kugusa chochote. Kiti hakina usukani wala pedeli, na mafunzo yake hayana ratiba. Mwalimu mwenyewe hajioni mwalimu. Anaendesha tu, na pengine akiwa na furaha anasema, "Dogo, umesikia hiyo?" Dogo hakusikia kitu. Mara nyingine atasikia.

Kinachosikika ni injini inavyokazana mlimani, na mahali sauti inapoanza kuzama, ambapo gia hubadilishwa kabla haijazama kabisa. Eksozi breki nayo ina ngurumo yake. Zaidi ya yote kuna upepo. Breki za lori ni za upepo, na namna zinavyofanya kazi humshangaza kila mgeni: kwenye breki za kuegeshea, springi ndizo zinazobana magurudumu, na upepo ndio unaozifungua. Upepo ukiisha, gari linajifunga lenyewe. Mwanafunzi huona hilo ni jambo la faraja mpaka aelezwe kwamba kukanyaga breki hovyo kwenye mteremko kunaumaliza upepo huo huo, na kwamba gari la tani 50 likijifunga katikati ya kona, tela huweza kukisukuma kichwa mpaka vikunjane. Kwa hiyo asubuhi utingo hufungua koki za matangi na kuyatoa maji yaliyojikusanya humo, kisha husubiri geji ipande. Akihimizwa na watu wa nyuma kwenye foleni asogee, hasogei.

Kuzunguka gari alfajiri ndiko ninakoona uzuri wenyewe wa kazi hii. Kijana ana kipande cha chuma mkononi na anagonga tairi moja baada ya jingine. Lililojaa hukirudisha chuma juu, lililopungua hukimeza. Magurudumu ya nyuma yamefungwa mawili mawili, na tairi moja likiishiwa upepo mwenzake hulibebea mzigo, kwa hiyo kwa macho yote mawili yanaonekana mazima. Matokeo yake huja baada ya saa kadhaa, kwenye lami ya mchana: tairi legevu linachemka, linapasuka, pengine linashika moto na kuliunguza tela zima. Pigo la chuma huzuia hayo yote. Kisha, kila wanaposimama, anaweka mgongo wa kiganja karibu na kikombe cha kila gurudumu. Joto la kawaida analijua. Lililozidi lina maana ya beringi inayokufa au breki isiyoachia. Halafu anaingia chini, kati ya kichwa na tela, kuitazama sahani inayoishika pini ya tela: ina grisi, na kufuli lake limefunga? Dereva mwangalifu hataamini hata jibu hilo. Atafunga breki za tela na kukivuta kichwa mbele kidogo, aone kama vinashikana kweli.

Mzigo nao una tabia zake. Shaba ni nzito kiasi kwamba tani 30 hazijazi hata meta za ujazo 4. Tela huonekana karibu tupu, na anayelipita barabarani hudhani linarudi bila kitu. Uzito huo wote ukikaa mahali pasipo pake, gari litakuwa halali kwa jumla na haramu kwenye ekseli moja, na mizani za Vigwaza, Wenda, Makambako na Mpemba hupima kila kundi la ekseli peke yake. Kontena refu lina kilele kinachotaka kulala kwenye kona. Tangi la mafuta lisilojaa lina ubishi kuliko vyote, kwani ukishafunga breki mafuta yenyewe hayajafunga: yanakuja mbele na kulisukuma gari tena, kisha yanarudi. Dereva wa tangi hufunga breki akijua kwamba pigo la pili linakuja.

Kurudi nyuma nisingependa kukuelezea sana, maana hakuelezeki. Usukani ukikatwa kulia tela linakwenda kushoto, na mtu anaweza kulijua hilo mwaka mzima kichwani huku mikono ikikataa. Mahali pa kujifunza ni yadi tupu, jioni, suka, yaani dereva, akiwa amekaa kwenye tairi anakula muhogo na kusema, "Rudisha. Anza tena." Kuhukumiwa, hata hivyo, hufanyika kwenye geti la ghala, malori kumi yakisubiri na kila mtu akiwa na ushauri.

Barabara yenyewe ina lugha ambayo haimo kwenye kitabu cha alama. Matawi mabichi yaliyopangwa kwenye lami maana yake mbele kuna gari limeharibika, na idadi ya matawi na umbali kati yake humwonyesha anayekuja muda alionao. (Matawi yaliyokauka maana yake gari liliondoka na mwenyewe hakuyaokota, na kwa madereva wengi hiyo ni aibu kubwa kuliko kuharibikiwa.) Usiku, lori linalokuja huwasha indiketa ya upande wako kukuonyesha mwili wake unaishia wapi. Ukilifuata kwa nyuma, indiketa ya kulia mara nyingi inakwambia tulia, usipite. Ya kushoto inakwambia njia iko wazi. Mara nyingi, nimesema. Wakati mwingine mtu anakata kona tu, na dereva mzuri hamwachii mwingine uamuzi wake wote.

Njia hii ilizaliwa kwa shida. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilipoteza njia yake ya kusini ya mafuta, na mapipa yakaanza kupakiwa kwenye malori kutoka bandari ya Dar es Salaam kupanda bara kwa barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa udongo. Wakati wa mvua yalizama, milimani yalianguka, na waliozungumza Kiingereza waliipa njia ile jina la jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kufanya kazi mwaka 1968, lami ikafuata, na reli ya TAZARA ya kilomita 1,860 ilikamilika mwaka 1975. Huenda wengi walitarajia treni ingeyaondoa malori barabarani. Nenda leo ukasimame Tunduma uhesabu.

Sitaki kuupamba utingo. Vijana wengi hukaa kwenye kiti kile bila mkataba wala bima, wakilipwa kutoka kwenye posho ya dereva, yaani kwa hisani yake. Wapo masuka wanaowafanya watumishi wa kufua nguo na hawawaachii usukani hata kwenye tambarare ya Igawa. Wapo pia wanaowafundisha kuchomoa mafuta kwenye tangi na kuyauza gizani, somo ambalo huingia upesi kuliko yote. Na sasa kampuni nyingi zinanunua vichwa vyenye giaboksi zinazojichagulia gia, zinafunga vifaa vya kufuatilia gari kwa setilaiti, na zinauliza, kwa haki kabisa, kwa nini watu wawe wawili. Jibu langu si kwamba mashine ni mbaya. Giaboksi mpya ni nzuri, na kwenye Kitonga inamwondolea dereva hofu ya kukosa jino. Lakini haiuoni mteremko wa Iwambi ukija, wala haijui kwamba Mbalizi chini kuna soko na watu wanavuka. Juu kule bado mtu lazima aamue, tena aamue akiwa hajalazimika.

Kuna maamuzi mengine ya namna hiyo ambayo hayahusu gia. Kulala, kwa mfano. Usingizi haushindwi kwa kahawa wala kwa kufungua dirisha. Dereva aliyekomaa huupa haki yake Makambako ili usije kumdai Chimala. Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara hupita kati ya wanyama kwa kilomita 50 hivi na mabango hutaja faini ya kila mnyama utakayemgonga, ataivuka mchana akiweza, na kwa hiyo alikwishapanga saa ya kutoka Chalinze. Hata ugali ni mpango. Sanduku la pembeni mwa tela lina jiko, sufuria na unga, kwa sababu foleni ya mpakani ikikukuta na njaa utanunua chakula kwa bei ya mpakani. Utingo anasonga kivulini chini ya tela na anaikagua springi huku akisonga.

Baada ya Tunduma kuna Nakonde, kisha Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi na miji ya shaba, siku nyingi za Kibemba na karatasi: manifesti, lakiri za kontena, kadi ya njano ya bima na kadi ya njano ya chanjo. Halafu Kasumbalesa, mpaka wa Kongo, ambako Kiswahili kinawapokea tena, kikiwa na ladha ya Lubumbashi. Hapo linatokea jambo ambalo hakuna darasa linalomwandaa mtu kulikabili. Tanzania na Zambia huendesha kushoto. Kongo huendesha kulia. Lori la kutoka Dar lina usukani wa kulia, kwa hiyo hatua chache tu baada ya geti dereva anajikuta upande wa majani na utingo katikati ya barabara. Mbele kuna lori lingine linakwenda polepole, na suka haoni kilichoko ng'ambo yake. Hawezi kuona, hata anyooshe shingo namna gani.

"Dogo, vipi huko?"

Kijana anatoa kichwa dirishani. Kuna gari dogo linakuja, mbali. Anapima umbali wake na mbio zake, anakumbuka mzigo walio nao na gia waliyomo, na muda ambao tela litahitaji kupita lote.

"Bado, mzee."

Mguu wa suka unabaki ulipo. Gari linapita, vumbi linatua, kijana anatazama tena, anachukua muda wake.

"Haya, twende."

Na tani 50 zinatoka nyuma ya lori la mbele na kuingia upande wa pili wa barabara, kwa neno la mtu ambaye bado hana leseni.