Mandolini Inapokuwa Ngoma

Santuri ambazo Bill Monroe na kundi lake la Blue Grass Boys walirekodi mjini Chicago mwezi Septemba 1946 hazina ngoma. Hazina hata njuga. Kuna sauti za waimbaji, mandolini, banjo, fidla, gitaa kavu na besi kubwa ya mbao, basi. Hata hivyo mdundo wake umekaza tangu mwanzo hadi mwisho, na msikilizaji hujikuta anatikisa mguu kabla hajajua anatikiswa na nini.

Anatikiswa na mandolini. Besi inakanyaga pigo la kwanza na la tatu. Monroe anangoja la pili na la nne. Likifika, anachapa nyuzi kwa risha na papo hapo kulegeza vidole vya mkono wa kushoto, sauti ikafa kabla haijaenea. Kinachosikika ni mchapo mkavu, mfupi, kama kofi. Huyu ndiye mwenye kundi, mzaliwa wa Rosine, Kentucky, ambaye jina la kundi lake ndilo lililokuja kuwa jina la muziki wenyewe, na ambaye kasi ya mkono wake iliwashinda wengi. Lakini sehemu kubwa ya wimbo anafanya kazi hiyo moja: kuchapa, kunyamazisha, kuchapa tena.

Wanaousifu muziki wa bluegrass huanza na kasi, na kasi ipo kweli, ya kumkatisha mtu pumzi. Mimi naona ufundi mkubwa zaidi uko kwa yule ambaye zamu yake bado. Kila ala hupewa nafasi ya kung'ara, sekunde chache tu, kisha hurudi nyuma na kumwachia mwenzake. Zamani kundi zima lilikuwa likizunguka maikrofoni moja: mwenye zamu anasogea, aliyemaliza anapisha, na ukubwa wa sauti unapimwa kwa hatua za miguu. Upande mmoja wa santuri ulibeba takriban dakika tatu, na hapakuwa na kukata na kuunga. Mmoja akikosea, wote wanaanza upya. Ndiyo maana katika rekodi zile unasikia watu wanaosikilizana kwa namna ambayo studio za leo, kila mpigaji katika chumba chake, zinaipata kwa shida.

Aliyenifundisha kusikia hivyo ni Earl Scruggs. Alijiunga na Monroe mwezi Desemba 1945 akiwa kijana wa miaka 21 kutoka North Carolina. Kupiga banjo kwa vidole vitatu hakukuanza naye, maana katika eneo alikozaliwa walikuwapo waliomtangulia. Yeye aliupa mtindo huo mtiririko usiokatika. Gumba, kidole cha shahada na cha kati vinapokezana, noti nane katika kila mzunguko, mara nyingi zikigawanyika tatu, tatu, mbili. Kwa kuwa tatu haziingii sawasawa ndani ya nne, mkazo unahamahama, na wimbo unachomoza ndani ya mvua ile ya noti mahali usipoutazamia. Sasa msikilize mwimbaji anapoanza ubeti. Scruggs haachi kupiga. Anapunguza sauti, anajaza mapengo baina ya mistari, na neno likianza tu amekwisha kuondoka njiani.

Banjo yenyewe ina historia ambayo haifai kupitiwa juu juu. Uzi wake wa tano ni mfupi kuliko mingine, na kazi yake ni kuitika noti ileile chini ya gumba. Akonting, ala ya kibuyu ya Wajola wa Senegambia, nayo ina uzi mfupi unaopigwa kwa gumba. Maarifa hayo yalivushwa bahari na watu waliotiwa utumwani. Monroe mwenyewe alitaja kwa heshima jina la Arnold Shultz, mpiga gitaa na fidla Mweusi wa Kentucky aliyepiga naye kwenye dansi za vijijini alipokuwa kijana. Jina hilo linastahili kutajwa kila inapotajwa bluegrass.

Msikilizaji wa Kiswahili aliyekulia kwenye gitaa kavu la Mwenda Jean Bosco hataona ugeni hapa. Katika "Masanga", ambayo Hugh Tracey aliirekodi Katanga mwaka 1952, gumba na kidole cha shahada vinafanya kazi ya wapigaji wawili wanaopishana. Bosco aliwapisha wenzake ndani ya mkono wake mmoja.

Mwaka 1948 Scruggs na mpiga gitaa Lester Flatt walimwacha Monroe wakaunda kundi lao, na mwezi Desemba 1949 wakarekodi "Foggy Mountain Breakdown" mjini Cincinnati. Ni muziki mtupu, hauna maneno. Banjo inaanza kwa kishindo, fidla inapokea, banjo inarudi. Sikiliza pale muziki unapohamia kwenye E: banjo inalia maina, gitaa la Flatt linashika meja. Kwa mujibu wa kanuni, hapo pana mgongano. Wengi wanaoupiga wimbo huo leo hulinyoosha gitaa lifuate banjo, na ni haki yao. Mimi narudi kwenye ile ya Cincinnati. Mgongano unakuja katika kila mzunguko, unaipa banjo ukali ambao isingeupata kwingine, na kila mara Flatt anapita juu yake bila kupunguza mwendo, kwa sababu Scruggs bado anahitaji mtu wa kumshikia mdundo.