Fani ya Mwalimu Mgeni

Katika kazi zote ambazo watu huvuka bahari kwenda kuzitumikia pasipo ujira wa maana, siioni iliyo adhimu kuliko ya yule anayewaacha jamaa zake akaenda kuwasomesha watoto wa mafukara katika nchi asiyozaliwa. Na adhama yake haimo katika safari, bali katika kukaa.

Nilimshuhudia mmoja wao, bibi wa Kiingereza, katika shule ya watoto wa wavuvi na wachukuzi pambizoni mwa Mombasa. Alikuwa amekwisha kukaa pale miaka, Kiswahili chake kikiwa na lafudhi ya ugenini lakini hakikosi adabu, na watoto wote akiwajua kwa majina yao na ya baba zao. Mtoto mmoja alitakiwa atoe 38 katika 52, akaandika 26. Mwalimu mwenye pupa angalitia mkwaju wa wino mwekundu akapita zake. Yeye aliinama penye dawati, akasema, "Hebu nieleze, mwanangu, ulivyohesabu."

"Nane toa mbili, sita, tano toa tatu, mbili, Mwalimu."

Bibi yule asimkatize wala asimcheke, kwani alikwisha tambua kuwa mtoto hakukosa kwa uvivu, ila alikuwa na kanuni yake mwenyewe, kwamba siku zote kidogo hutolewa katika kikubwa, popote kilipokaa. Akaleta vijiti vilivyofungwa kumi kumi, mafungu matano na viwili vya peke yake, kisha akamwachia afungue fungu moja kwa mkono wake. Mtoto akahesabu, akarudia, akapata 14. Akalifuta lile jibu la kwanza kwa kidole alichokilowesha mate, kabla hajaambiwa.

Ilmu ya namna hiyo, ya kulisoma kosa la mtoto hadi kulifikia shina lake, haipatikani ila kwa lugha, na lugha haipatikani ila kwa wasaa. Walioasisi safari hizi za kujitolea walilijua hilo. Vijana wa kwanza wa VSO, shirika lililoanzishwa Uingereza mwaka 1958, walikuwa wametoka shuleni juzi tu, hata hivyo walikaa mwaka mzima. Na Marekani ilipounda Peace Corps mwaka 1961, kwa amri ya Rais Kennedy, muda uliowekwa ulikuwa miaka miwili, baada ya mafunzo ambayo lugha ya wenyeji ilikuwa sehemu yake.

Leo, ingawa wapo bado wanaoishika sunna ile, safari za kujitolea zimekuwa bidhaa: majuma mawili darasani, siku tatu mbugani, picha pamoja na watoto, kwaheri. Siwatuhumu vijana wanaozinunua nia mbaya, kwani aghalabu huja na nyoyo safi. Lakini wanaowauzia safari hizo wamewafunza kuwa upendo unatosha, nao hautoshi. Mtoto wa makao ya mayatima, ambaye amekwisha ondokewa na walio wake, huzoeshwa kumkumbatia mgeni na kuagana naye kila mwezi. Na kwa kuwa hapana amwelezaye ajaye pale alipokoma aliyetangulia, kila mmoja huanza kwa herufi zile zile na kuhesabu hadi kumi; na mwalimu mwenyeji, ambaye mshahara wake wa mwezi haufikii nauli ya mgeni mmoja, husimama kando ya ubao na somo alilolitayarisha usiku, akingoja zamu yake.