Mninga Mlangoni, MDF Chini ya Sinki

Sehemu ya tatu ya zile video za ukarabati wa jiko la Mbezi Beach, pale wanapofika kwenye boksi la sinki. Mama mwenye nyumba anainama, anachungulia, anamwambia fundi: "Humu ndani nani ataona? Weka MDF tu, mninga ubaki kwa milango." Fundi anachomeka penseli nyuma ya sikio, anajibu: "Sawa, mama." Kamera inahamia kwenye vishikizo, na hakuna aliyeligusa tena jambo hilo. Mimi naligusa, kwa sababu hapo ndipo jiko lilipoharibiwa. Yaliyofuata ni mazuri na ni mengi, lakini yamejengwa juu ya kosa.

Tuanze na hesabu, maana kisingizio kilikuwa pesa. Boksi la sinki la upana wa sentimita 90 lina mbavu mbili, sakafu, na papi mbili za juu. Kila ubavu ni sentimita 72 kwa 56. Sakafu ni 90 kwa 56. Ukijumlisha na papi unapata mita moja na nusu ya mraba, yaani nusu ya bodi ya futi nane kwa nne. Nusu bodi ya plaiwudi nzuri ndiyo iliyoshindikana, katika jiko ambalo kila droo ina kishikizo cha rangi ya dhahabu na kaunta nzima ni graniti.

MDF ina kazi zake. Milango ya kupaka rangi, rafu za kabati la nguo, paneli za nyuma ya televisheni: humo sina ugomvi nayo, kwa sababu ruta inaikata safi na haina nyuzi za kung'oka. Lakini kumbuka imetengenezwaje. Mti umesagwa mpaka ukawa nyuzi, ukachanganywa na gundi ya yurea na fomaldehaidi, ukagandamizwa kwa moto. Zile nyuzi zimebanwa kwa nguvu, hazikupenda. Zikipata maji zinatanuka kurudia umbo lao, na gundi nayo inaachia. Bodi inafura kama andazi lililosahauliwa kwenye chai, na ikikauka hairudi. Iliyoingia na milimita 18 haitazisoma tena 18. Skrubu za bawaba zinabaki zinazunguka tupu, mlango unalala upande, na mwenye nyumba anamlaumu aliyetengeneza bawaba. Tena usiniambie habari ya melamini iliyobandikwa usoni. Maji hayapiti usoni, yanapita ukingoni.

Sasa tazameni ukingo wenyewe. Dakika chache baada ya ile "Sawa, mama", fundi anatoboa matundu matatu ya mabomba: moto, baridi, na maji machafu. Anapitisha mabomba, anazungushia silikoni kwa kidole, anasonga mbele. Simamisha video hapo. Ndani ya lile tundu la maji machafu MDF iko wazi, na vumbi lake bado limeshikilia. Haikupakwa hata tone la vanishi. Juu yake kinaning'inia kikombe cha kunasa taka ambacho mpira wake siku moja utachoka, maana hakuna mpira usiochoka. Tone moja kwa dakika linatosha. Hakuna atakayeliona, kwa sababu mbele yake patakuwa na ndoo ya taka, sabuni na mifuko ya plastiki.

Shuka chini zaidi. Mbavu zimesimamishwa moja kwa moja juu ya vigae, hazina miguu. Majikoni mwetu hatupangusi sakafu kwa kitambaa kilichokamuliwa. Tunadeki: ndoo inamwagwa, brashi inapita, maji yanasukumwa kwenda mlangoni, na yanayobaki yanajificha chini ya kabati. Ongeza hewa ya pwani, ambayo hata wakati wa kiangazi haiachi mbao ikauke sawasawa. Ongeza mchwa, ambao wakazi wa Mbezi hawahitaji kutambulishwa kwao. Mbao laini yenye unyevu, gizani, inayogusana na sakafu, ndiyo wanayoitafuta. Kila sehemu ya jiko ina adui yake. Kwenye jiko la gesi adui ni joto na mafuta, kwenye droo adui ni uzito na kuvutwavutwa, chini ya sinki adui ni maji. Vifaa huchaguliwa kwa kumtazama adui. Anayechagua kwa kuuliza nani ataona amejenga jiko kwa ajili ya wageni.

Najua kuna watakaojibu kwamba MDF yenyewe ilikuwa ya kijani, na kweli katika sehemu ya nne fundi anaipiga kofi na kusema hii haiingizi maji. Nimelipigia kelele jambo hili mara nyingi na nitaendelea. Ukijani ni rangi tu iliyotiwa ili bodi itambulike dukani. Iliyo ya kweli imeongezewa melamini kwenye gundi, kwa hiyo inavumilia mvuke na hewa nzito. Maji yaliyosimama haiyawezi. Isiyo ya kweli imeongezewa rangi, basi. Asiyeamini akate kipande, akipime unene, akilaze kwenye ndoo ya maji usiku kucha, akipime tena asubuhi. Duka linalokataa kukupa kipande cha kujaribu limeshakujibu.

Kinachoniuma zaidi kiko kwenye video ileile. Tazameni anapofunga kabati la juu, la upande wa dirisha: fundi amepanda juu ya kipande cha marini bodi, kimelazwa juu ya tofali mbili kama jukwaa. Kipande kikubwa, cha kutosha sakafu ya boksi la sinki na ubavu mmoja. Kifaa kilichofaa kilikuwepo kazini, na kazi yake ilikuwa kukanyagwa.

Nalo hilo la marini bodi nilimalize, kwa kuwa maduka yetu yamelivuruga. Sehemu kubwa ya kinachouzwa kwa jina hilo ni plaiwudi ya kumwagia zege, ile yenye ngozi nyeusi au ya kahawia inayong'aa. Si ile inayojengewa boti, ambayo Waingereza wameiwekea kiwango chake, BS 1088. Hata hivyo, ya zege ikiwa na gundi nzuri ya fenoli inafaa chini ya sinki kuliko MDF yoyote, kwa sababu ilizaliwa kukutana na maji. Chemsha kipande kwa saa kadhaa: tabaka zikiachana, rudisha. Zikishikana, nunua, kisha usimwache fundi aikate na kuacha kingo wazi. Kila mkato na kila tundu lipakwe rangi ya mafuta au vanishi, mara mbili, kabla ya kufungwa. Hiyo ni kazi ya brashi na nusu saa.

Nirudi kwenye ile "Sawa, mama". Kosa la mwenye nyumba ni la kawaida. Yeye si fundi, na pesa ni zake. Kosa la fundi ni zito zaidi. Mafundi waliotufunza kazi hii walikuwa na jibu lingine: "Mama, hapo sikuwekei." Wangeweka randa chini, wangeeleza mara moja, na ukiendelea kubisha wangekwambia utafute mtu mwingine. Walikuwa wakorofi, walichelewa, walidai malipo ya awali wakapotea wiki nzima. Lakini jina lao lilibaki kwenye kabati hata baada ya kulipwa, na walilijua hilo. Siku hizi mteja amekuwa mfalme, na fundi amekuwa mpokea oda. Bodi zinachanwa kwa mashine dukani, anazifunga kwa skrubu, na anapiga picha kabla silikoni haijakauka.

Wazee hao hawakuwa na MDF wala plaiwudi ya fenoli, na maji waliyaweza. Kumbukeni kabati la vyombo la nyumba za zamani, lenye milango ya wavu. Lilisimama kwa miguu minne mirefu, na kila mguu uliwekwa ndani ya kopo lenye maji au mafuta ya taa ili sisimizi wasipande. Unadeki chini yake bila kuligusa, unaona chini yake, na mchwa akijenga njia unamkuta siku ileile. Miguu ya plastiki ya kuzungusha, inayoinua boksi sentimita kumi na kufunikwa mbele kwa ubao wa kuchomoa, inafanya kazi hiyohiyo na inauzwa Kariakoo. Jiko la Mbezi halina hata mmoja.

Wala si wazee wetu peke yao. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu kutoka Vienna, alibuni jiko la nyumba za wafanyakazi wa mji wa Frankfurt. Yalijengwa takriban 10,000, ya watu wa kipato kidogo, na hata hivyo yule mama hakutumia mbao moja kila mahali. Vyombo vya unga aliagiza viwe vya mwaloni, kwa sababu asidi ya mti huo huwafukuza wadudu wa unga. Sehemu ya kukatia ilikuwa ya mti mgumu unaohimili kisu na madoa. Vidroo vya mchele, sukari na vyakula vingine vikavu vilikuwa vya alumini. Kila kitu na adui yake, kwa bei ya mfanyakazi wa kiwandani. Mkuu wa mradi ule, Ernst May, alikuja kuishi Tanganyika mwaka 1934, kisha akafanya usanifu Nairobi, Mombasa na Kampala. Somo limefika mlangoni kwetu zamani. Miaka mia moja baadaye tunaweka unga wa mbao uliogandishwa chini ya bomba la maji, tena katika jiko ambalo bajeti yake haikuwa shida.

Haki yao niwape. Milango ya mninga imeundwa vizuri, fremu na kibao kinachoelea kwenye mfereji bila gundi ili mbao ipumue, ukiacha mstari mweupe wa mbao ya nje kwenye mlango wa pili kutoka dirishani. Reli za droo zimelingana. Matundu ya bawaba ya milimita 35 yametobolewa kwa kina kimoja. Pimamaji imetumika kweli kabla graniti haijalazwa.

Mninga wenyewe uliuzwa kama mkavu, na hapo pia nina neno. Hakuna aliyeonyesha kipimo cha unyevu. Mninga una bahati kwamba hausinyai sana, ndiyo maana mafundi wengi wanaponea kwake. Mngefanya hivyo kwa mbao nyingine ya wiki mbili tangu ipasuliwe na milango ingepinda kabla ya Krismasi. Kanuni ya zamani ilikuwa mwaka mmoja wa kivuli kwa kila inchi ya unene. Leo mbao inashuka kwenye lori asubuhi na jioni inapigwa randa.

Lingine ni lile nililolitazama kwa uchungu katika sehemu ya kwanza, wakishangilia kwa nyundo. Jiko la awali lilikuwa na kaunta ya zege, na kuta ndogo za tofali zikiigawa kwa chini, mtindo wa nyumba nyingi za miji yetu. Fundi seremala alihitajika kwa fremu na milango tu. Ni nzito na haina droo, nakubali. Lakini vile vikuta viwili vya chini ya sinki vingeachwa, vikabandikwa vigae ndani na kufungwa mlango wa mninga mbele. Maji yangevuja miaka kumi bila kupata cha kuozesha. Walivunja kifaa pekee ndani ya nyumba ambacho adui wa mahali pale hakitishi.

Bado pa kurekebisha papo. Boksi la sinki linaweza kuchomolewa sasa, kabla halijafura, wakati skrubu zinatoka na mbavu hazijakamatana na vigae. Graniti itegemezwe kwa papi za muda kutoka pande mbili, boksi jipya la plaiwudi liingizwe kwa chini likiwa limeshapakwa kila ukingo, lisimame kwa miguu, na mgongo wake uachwe wazi ili bomba lionekane. Milango ileile inarudi, kwa bawaba zilezile. Ni kazi ya siku mbili. Wakingoja boksi lifure, watalazimika kuinua graniti, na graniti iliyokwisha kugandishwa kwa silikoni mara nyingi hupasuka pale pembeni mwa sinki ambako ni nyembamba zaidi.

Alama zangu: milango tisa kwa kumi, droo nane, boksi la sinki sifuri. Wiki ijayo wanaanza kabati la bafuni, na mwisho wa sehemu ya nne, nyuma ya bega la fundi, bodi mbili za kijani zimeshaegemezwa ukutani.