Boila Isiyochemsha

Mwaka 1822 Mfaransa Charles Cagniard de la Tour alitia pombe na kigololi cha jiwe ndani ya mtutu wa bunduki, akauziba, akaupasha moto, akawa anautikisa huku ametega sikio. Joto lilipopanda mno, mlio wa kigololi ukabadilika: kile kimiminika hakikusikika tena. Maji nayo ndivyo yalivyo. Yabane kwa presha inayozidi bar 221, yapitishe nyuzi 374, na hayatachemka. Hakuna viputo wala uso wa maji, na huwezi kuonyesha mahali yalipogeuka mvuke.

Mwaka 1957 kituo cha Philo, Ohio, kiliwasha mtambo wa kwanza wa kibiashara wa kuzalisha umeme kwa maji ya namna hii, kwa bar 310 hivi na nyuzi 621. Boila nyingi za zamani zina dramu, pipa la kutenganishia mvuke na maji, na mwendeshaji hulinda kina cha maji humo kama roho yake. Hapa dramu haina kazi. Pampu husukuma maji mwanzo wa neli, na mwisho wake hutoka kitu kilicho tayari kwa turbini. Mwendeshaji hubaki kulinganisha maji na moto. Moto ukitangulia, chuma huumia.

Ugumu wenyewe uko kwenye neli. Kwa bar 250, lita ya maji yenye uzito wa nusu kilo kwenye nyuzi 375 hubaki na gramu 170 hivi ikifika 400. Neli ikipokea moto mwingi kuliko jirani yake, maji yake hutanuka mapema, mtiririko hupungua, na neli huungua. Katikati ya ukuta wa tanuri moto ni mkali, pembeni ni hafifu. Basi mafundi wa boila za baadaye wakazilaza neli mshazari zikaizunguka tanuri, kila moja ikapita pembeni na katikati, zikagawana moto sawasawa. Kuchomelea ukuta mzima kwa mshazari ni kazi ya kutesa, na kwangu hakuna kitu kizuri zaidi katika mtambo wote.

Chumvi nayo haina pa kukimbilia. Dramu ingeibakiza chini ikamwagwa. Hapa hugandia neli au mapanga ya turbini, kwa hiyo maji huchujwa mfululizo.

Kule kwenye kituo cha Eddystone, Pennsylvania, walithubutu nyuzi 649. Maji yalikubali, chuma kikagoma, na joto likashushwa.